Upande wa Bafuni

Adelina aliokota kitikiti cha kwanza, akakiweka kwenye upindo wa kanga. Akaokota cha pili na cha tatu, kisha akaacha, maana kanga isingetosha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza Kimbiji, na chini ya majani vitoto vya matikiti vilikuwa vimelala kila mahali, vikubwa kama yai la njiwa, njano tupu, vimelegea nchani. Ukikigusa kimoja kinaachia kikonyo bila ubishi. Wiki iliyopita alijifariji kwamba ni joto. Juzi akasingizia maji ya kisima, kwamba chumvi imezidi. Leo visingizio vilikuwa vimemwishia, akabaki na kile alichokuwa akikikwepa tangu mwanzo.

Alirudi nyumbani amekunja uso. Marietha, mke wa mwanawe Ferdinand, alikuwa amechuchumaa uani akisugua sufuria kwa mchanga. Mzee Sebastian, mume wa Adelina, alikuwa amekaa kizingitini akinywa uji, mgongo ameuegemeza kwenye mlango kama kawaida yake.

"Shikamoo mama," alisema Marietha.

"Marahaba. Hebu niangalie. Uliingia shambani?"

"Hapana mama. Si ulinikataza?"

"Hata kukatiza?"

"Nakatizaga ile kona tu, nikienda bafuni. Njia nyingine sina."

"Na ukiwa kwenye siku zako, unapita hapohapo?"

Sebastian alipaliwa na uji. Akajikohoza, akainuka taratibu kwa kushikilia mlango, akazunguka nyuma ya nyumba na kikombe chake, maana yapo maneno ambayo baba mkwe hatakiwi kuyasikia hata kwa mbali. Marietha alibaki ameinamia sufuria. Mkono ulikuwa umeacha kusugua.

"Nioge wapi sasa, mama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijakuuliza unaoga wapi."

"Ndiyo, napita."

Adelina akaachia kanga, vitoto vya matikiti vikamwagika mchangani mbele ya yule binti. "Basi ona kazi yako."

Huko Ndanda alikozaliwa Adelina, shamba la maboga na matikiti lilikuwa na adabu zake. Mwanamke aliye mwezini haliingii. Tunda changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzako unakunja ngumi na kuelekeza kwa vifundo. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo, na matikiti yalizaa. Adelina mwenyewe, ujana wake wote, siku zake zikifika alikaa pembeni akamwachia mumewe palizi. Sasa kaletewa mkwe kutoka Kagera, binti wa watu wa migomba, asiyejua hili wala lile.

"Mama, lakini kwetu maua yakikosa…" Marietha alijaribu.

"Kwenu ni kwenu. Huko mnalima ndizi, na ndizi haina aibu."

Marietha akafyata mkia, akarudi kwenye sufuria.

Adelina hakuwa mwanamke mbaya, hilo lisemwe mapema. Alikuwa amechoka, na amechoka kwa muda mrefu. Shamba halikuwa lao. Lilikuwa la Bwana Godlisten, ofisa wa bima mjini, na wao walikaa pale kulilinda. Mshahara hakuwa akiwapa. Makubaliano yalikuwa walinde, wasafishe, na katikati walime watakacho. Kwa hiyo tikiti lisiposhika, wao mwaka huo wamefanya kazi bure. Ferdinand alikuwa kibarua bandarini, analala Temeke na wenzake chumba kimoja, na mkewe kamwacha kwa wazazi mpaka atakapopata pa kumweka. Matumaini yote ya nyumba ile, ya mzee na ya vijana, yalikuwa yametambaa pale mchangani, na yalikuwa yanadondoka.

*

Kule Kigamboni eneo lenye kichaka ni eneo lisilo na mwenyewe. Leo kichaka, kesho mtu kamwaga kokoto, keshokutwa ana msingi na mashahidi. Godlisten alilijua hilo vizuri, ndiyo maana kila alipopiga simu swali lilikuwa moja.

"Mzee Sebastian, mipaka iko safi?"

"Safi, bosi."

"Nipigie picha."

Kwa miaka Sebastian alikuwa akiisafisha kwa fyekeo, pande zote nne, na kabla hajamaliza upande wa mwisho, ule wa kwanza ulikuwa umeshaota. Mgongo ukaanza kumuuma, ukaendelea, ukafika mahali asubuhi anajiviringisha kitandani ili aweze kushuka. Adelina alikuwa anamkanda kwa maji ya moto na kumsikia akisaga meno. Basi mvua za mwaka huu zilipoanza, Godlisten alikuja mwenyewe na gari, akashusha bomba la mgongoni na dumu la dawa ya kuua magugu. "Acha kujitesa, mzee wangu," alimwambia. "Dunia imeendelea." Ilikuwa ni huruma ya kweli, na Sebastian alishika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili.

Alipulizia mipaka. Siku chache tu, mchunga, mnavu, mbigili, kishona nguo, nyonyo na majani yasiyo na majina vikawa rangi ya ugoro, vikalala. Mchana ule Sebastian alijinyoosha juu ya mkeka akalala usingizi, kitu ambacho Adelina hakukumbuka mara ya mwisho alikiona lini. Alikaa pembeni akimfukuzia nzi. Aliishukuru ile dawa, na hakuwa na sababu ya kutoishukuru.

"Muuza duka kanihadithia," Sebastian alimwambia jioni akila. "Huko ng'ambo wana mahindi, unayamwagia dawa hii hii juu yake, wima hivi, wala hayafi. Kinachokufa ni kila kitu kingine."

"Na hicho kila kitu kingine kilikuwa hakina kazi?"

"Ah, Mama Fedi. Magugu yana kazi gani? Kuniua mimi." Alitafuna kidogo, akatazama bakuli. "Mbona kabichi tena? Mchunga umeenda wapi?"

"Umeuua mwenyewe."

Walicheka wote wawili, wakaendelea kula. Zamani Adelina alikuwa akichuma mboga pembeni mwa shamba bila kufikiri, anajaza ungo akirudi kisimani. Sasa ikabidi anunue. Kwale waliokuwa wakipiga kelele alfajiri kwenye nyasi za mpakani hawakusikika tena, na wale nyuki wadogo wasiouma, waliokuwa wanaishi kwenye kisiki cha mkorosho upande wa barabara, kitundu chao kilikuwa kimejaa utando wa buibui. Adelina aliyaona hayo yote lakini hakuyahesabu kuwa kitu. Kulikuwa kimya, na yeye kimya alikipenda.

*

Jumamosi alikuja Demetria. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mabibo sokoni, mwanamke wa shoka, ambaye mwaka uliopita alinunua matikiti ya shamba zima yakiwa bado machanga, yalipoiva akayapakia kwenye fuso. Alishuka kwenye pikipiki akijifuta vumbi kwa mtandio.

"Jamani barabara yenu hii, nyonga zimehama! Habari za hapa, Mama Fedi?"

"Salama, shoga yangu. Karibu. Marietha, lete maji ya kunywa."

Walizunguka shamba. Demetria naye alikuwa mtu wa kusini, kwa hiyo hakunyoosha kidole. Alitembea amekunja ngumi, akiinua majani kwa ncha ya kiatu. Mwanzoni alikuwa anaongea. Kisha akawa anaguna. Walipofika katikati alinyamaza kabisa, na Adelina akajua.

"Maua mengi," alisema Demetria hatimaye.

"Maua ni mengi, ndiyo."

"Ila mie sinunui maua."

"Yatashika, Demetria. Nipe wiki mbili."

"Shoga, usinifanye mgeni. Vinavyoshika ndo hivi?" Alisogeza kwa kiatu kitoto cha njano, kikabingirika. "Na vichache vilivyobaki vina vichwa upande. Nitampelekea nani tikiti lililopinda shingo? Watanicheka sokoni." Alishusha sauti, na huruma yake ikauma kuliko ukali. "Shambani kumeingia nini?"

Marietha alikuwa anakuja na kikombe cha maji juu ya sahani. Adelina alimwona, na bado akasema. Pengine alisema kwa sababu alimwona.

"Nikwambie nini? Tumeoa mbali. Mtoto hajafundwa, anakanyaga kanyaga shamba mwezini utadhani anapita stendi. Miiko haijui."

Demetria aligeuka akamtazama Marietha toka kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa. Binti alisimama na ile sahani.  Kisha akapiga goti kama desturi, akampa mgeni maji, akangoja mpaka kikombe kirudi, akaondoka nacho bila kumwaga hata tone.

"Nitapitia Mkuranga," Demetria alisema akijifunga mtandio. "Kukiwa na mabadiliko nibipu."

Pikipiki ikala kona. Adelina alibaki barabarani mpaka vumbi likatua. Alijua alichokifanya hakikuwa kizuri, lakini alikuwa na machungu mengi mno, na ya Marietha ilibidi yasubiri zamu yake.

*

Usiku ule Marietha hakula. Sauti yake ilisikika kupitia ukuta wa udongo akiongea na simu, polepole, na neno alilolirudia lilikuwa "njoo unichukue". Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji, akawaamkia wakwe zake kwa adabu zote, halafu akaanza kukunja nguo zake kwenye begi. Ferdinand angefika kesho yake, Jumatatu, kwa ruhusa ya nusu siku.

"Kuna chumba cha kumpeleka huko?" Sebastian alimnong'oneza mkewe.

"Atajua mwenyewe."

"Mtoto wa watu atalala na vibarua sita?"

"Kwani mie nimemfukuza?"

 Sebastian alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomkera Adelina kuliko kufokewa. Adelina akavaa kandambili zake akaelekea shambani, na mpango wake ulikuwa huu: aende kwenye ile kona anayopita Marietha, akaone jinsi alivyoikanyaga, ili kesho mwanawe akija amshike mkono ampeleke, amwonyeshe. Ferdinand lazima aone kwa macho yake. Asije akasema mama kamwonea mkewe.

Kona ile hakuwa ameifikia tangu mitikiti ianze kutambaa. Marietha alipoletwa pale, Sebastian alimjengea bafu lake mbali, pembeni kabisa, kwa viroba na makuti, kwa sababu mkwe haogi anapooga baba mkwe. Adelina alipoona njia ya bafuni inakata kwenye shamba, aliihesabu kona yote kuwa imeshaharibika. Hakuipalilia, hakuimwagilia. Aliiacha ife.

Kabla hajafika alisikia kitu kinavuma. Alidhani ni simu ya mtu, au gari mbali. Akasogea. Nyuma ya bafu na pembeni yake, mpaka kwenye nguzo ya mpaka, kichaka kilikuwa kimesimama kimo cha kifua: mchunga umechanua njano, kishona nguo kimechanua nyeupe, mnavu una matunda meusi, na juu yake vipepeo na nyuki, wakubwa na wale wadogo wa kwenye kisiki, wanaingia na kutoka kama watu kwenye duka la kona. Tetere wawili waliruka miguuni pake wakamshtua. Akatazama chini.

Matikiti yalikuwa yamelala pande zote mbili za njia. Yaliyonyooka, ya duara, ya kijani yenye milia, makubwa kama kichwa cha mtoto, mengine kama kichwa cha mtu mzima. Moja lilikuwa limeotea katikati kabisa ya njia, na unyayo wa Marietha ulikuwa umelizunguka, kila siku umelizunguka, mpaka njia yenyewe ikapinda pale.

Adelina alichuchumaa.  Alitazama kule katikati ya shamba, ambako hakuna mwanamke aliyefanya kazi isipokuwa yeye aliyekwisha koma, kweupe, maua matupu. Akatazama hapa, anapopita yule binti asubuhi na jioni, siku zote za mwezi. Alitazama huku na huku mara nyingi, akitafuta namna ya kuyapatanisha hayo mambo mawili na maneno aliyomwambia Demetria. Hakuipata. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumtupia.

*

"Baba Fedi! Njoo huku."

Sebastian alifika amejishika kiuno, akasimama mbali na bafu, amegeuza uso.

"Njoo, hayupo, yuko ndani."

"Naona kutoka hapa."

"Mbona upande huu hukupulizia dawa?"

"Nipulizie bafuni kwa mkwe?" Sebastian alishangaa kwa dhati. "Una akili timamu, Mama Fedi? Nije na bomba mgongoni nachungulia anapoanika nguo zake za ndani? Watu wangesemaje?"

Adelina akamshika mkono akamvuta, hatua moja, nyingine, mpaka akayaona. Sebastian alitazama matikiti, akatazama kichaka, akawasikiliza nyuki. Halafu akageuka akautazama mpaka wa barabara, na wa upande wa kisima, na wa upande wa jirani, yote mitatu imelala rangi ya ugoro, safi, tayari kwa picha. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kumbe nyuki walikuwa wanakula huku kwenye magugu," alisema, "halafu wanakuja kutufanyia kazi kule."

"Hata mie sikujua."

"Mgongo umepona, Mama Fedi. Umepona kweli." Alikuwa anaongea kama mtu anayeomba radhi. "Nilijua nimepata afadhali."

"Ulipata."

Simu yake iliita pale pale, na kwa vile masikio yake yalikuwa mazito aliiweka sauti ya juu kama kawaida.

"Shikamoo mzee. Wiki ijayo nakuja na mpima wa ardhi. Picha nimeziona, pande tatu safi sana, sasa panaonekana pana mwenyewe. Ila ule upande wa nne sijauona. Kuna nini?"

Sebastian akaisogeza simu mdomoni. "Kule, bosi, ni bafuni kwa mkwe wangu. Sipafiki."

 Godlisten alikuwa msomi na mtu wa kisasa, lakini naye alikuwa na mama huko Rombo, na alikuwa na wake wa kaka zake.

"Aa. Basi… samahani, mzee. Mwambie mama apulizie yeye."

"Nitamwambia."

"Leo leo."

Simu ikakatika. Walitazamana. Bomba lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma ya nyumba, na dumu lilikuwa na nusu. Adelina angeweza kulibeba, hana tatizo la mgongo. Wakipoteza shamba, hakuna tikiti wala bafu. Ataletwa mlinzi mwingine kabla ya mwezi kwisha, watu wa kulinda mashamba wamejaa. Alifikiria hilo kwa muda, na Sebastian alimwachia afikirie.

"Nitaanika kanga," alisema mwishowe.

"Kanga?"

"Zangu zote. Na za Marietha, akikubali. Nitazitandaza juu ya kichaka chote, na sidiria juu yake. Tuone huyo mpima atachungulia wapi."

Sebastian akacheka, akajishika mgongo, akacheka tena bila furaha sana. "Na kule katikati? Nyuki wa kona moja hawatoshi shamba lote."

"Huko sijui," alisema Adelina. Na kweli hakujua. Aliyejua alikuwa ndani, anakunja nguo.

*

Alimkuta Marietha amekaa kitandani, begi miguuni limefungwa zipu. Hakukaa, alisimama mlangoni mikono imening'inia. Mama mkwe kumwomba radhi mkamwana ni jambo ambalo Adelina hakuwahi kuliona likifanyika, kwa hiyo hakujua linaanzaje.

"Mwanangu, nimekukosea."

Marietha akainua uso.

"Nimekuvua nguo mbele ya mgeni. Na nilichokusema nacho si kweli. Nimetoka kule bafuni kwako, nimeona. Nisamehe."

"Yale matikiti?" Marietha alisema polepole. "Nilitaka kukwambia mama, yameshika huku. Nikaogopa. Nikasema nikimwambia atajua napita karibu sana."

Maneno hayo yalimchoma Adelina kuliko kama angetukanwa. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Siku ile ulitaka kuniambia kitu. Kwenu maua yakikosa… nikakukata. Yakikosa nini?"

"Wadudu, mama. Bibi yangu ana vanila. Vanila kule kwetu haina mdudu wake, ukiiacha ua linanyauka tu. Sie watoto alikuwaga anatuamsha alfajiri, tunashika kijiti, tunalifungua ua, tunaugusisha ule unga wake mahali pake. Ua moja moja. Likipata jua umechelewa."

"Na tikiti?"

"Sijawahi. Lakini maua ya tikiti ni makubwa, mama, hata kijiti hakihitajiki. Yapo yenye kitoto chini na yapo yasiyo nacho. Unachuma lisilo na kitoto, unampakaza mwenzie."

Adelina alitazama dirishani. Shamba zima, ua moja moja, kila alfajiri. Alihisi uchovu ukimshuka mabegani kabla hata hajaanza.

"Kesho asubuhi utanifundisha."

Marietha akatazama begi, halafu mikono yake. "Kesho siwezi, mama."

"Unaondoka. Najua. Nifundishe ndipo uondoke."

"Si hilo." Alinong'ona. "Nimeanza leo. Sitakiwi kuingia."

Nje Sebastian alikuwa akikohoa, akijipitisha, akijifanya hasikii.  Adelina alihisi kama mama yake na bibi yake wako mle chumbani pamoja naye, wamekunja nyuso. 

"Utaingia," alisema. "Utaingia mbele, mimi nitakufuata."

*

Ferdinand alipofika Jumatatu, begi jipya la kubebea nguo begani, aliwakuta shambani. Mama yake na mkewe walikuwa wameinama bega kwa bega, kila mmoja ameshika ua la njano. Baba yake alikuwa mwisho wa shamba, ameanzia upande wa pili kwa ajili ya heshima, naye ameinama, mkono mmoja kiunoni. Ule mgongo aliouponyesha kwa bomba alikuwa ameurudisha kazini, kazi ya nyuki. Kila baada ya matuta machache alisimama, akajinyoosha, akatazama mipaka yake safi kwa jicho baya, akainama tena. Ferdinand aliuliza kumetokea nini, akaambiwa avue viatu kwanza ashike ua. Jioni alirudi Temeke peke yake.

Mpima alikuja na Godlisten. Waliona pande tatu, wakapima, wakapiga picha. Walipokaribia upande wa nne walikutana na kanga, na magauni, na vinginevyo, vimetandazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na chini yake kitu kinavuma. Godlisten alikohoa, akageuza uso, akasema pale panatosha. Sebastian aliwasindikiza mpaka kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa. Dumu halikufunguliwa tena, ingawa hakuna aliyetoa tangazo. Fyekeo lilirudi kutoka darini, na Sebastian akawa anafyeka kwa kupiga magoti, anaacha vinavyochanua, na usiku Adelina akarudia kuchemsha maji ya kumkandia. Mitatu ile mipaka ilikuwa bado haijaota cha maana. Kwale hawakurudi. Matikiti yangetoka nusu ya mwaka uliopita, kama yangefika huko, na Demetria, alipobipiwa, alisema ataona.

Siku moja asubuhi walikuwa katikati ya shamba, umande bado uko miguuni, Marietha mbele na Adelina nyuma yake. Marietha alikuwa anaongea habari za bibi yake na mbwa wa bibi yake, kisha akakatisha. Akasimama wima, mkono ukaruka mbele.

"Mama! Lile pale! Limeshika!"

Kidole chake kilikuwa kimenyooka kabisa. Kitikiti kilikuwa kati ya majani mawili, kijani, kimevimba, kikonyo kigumu, na kidole kilikuwa kimekielekea bila haya. Mara Marietha akakiona kidole chake mwenyewe. Uso ukambadilika. Akakirudisha haraka, akakificha kwenye kiganja kingine, akangoja kusemwa.

Adelina alikuwa ameshakunja ngumi, kwa mazoea. Aliitazama. Kisha akakunjua kidole kimoja, kilichopinda kwa baridi yabisi, chenye unga wa njano hadi kwenye kucha, akakinyoosha.

"Lipi, mwanangu?" aliuliza. "Hili?"